Afya Nyumbani: Je, Saa 13 Ni Kuchelewa?

Kati ya barua zilizofika mezani petu mwezi uliopita imo moja ambayo tumeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Tulikuwa tumeahidi kuendelea na habari ya minyoo kwa watoto, lakini tunaomba mtuwie radhi. Minyoo itasubiri toleo lijalo.

Mwandishi wa barua hiyo ni mama wa watoto wanne, wa mkoa wa Tanga. Anasema mdogo wake wa kiume anaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, pamoja na mkewe. Usiku mmoja mdogo wake alikwenda kulala saa 4 akiwa mzima. Saa 12 alfajiri wifi alisikia kishindo, akamkuta mumewe sakafuni, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki. Gari la wagonjwa likaja. Hospitali ya kwanza ikampiga picha ya kichwa, kisha ikampeleka hospitali kubwa zaidi, na huko akapigwa picha nyingine. Saa 5 asubuhi madaktari walikuwa wameshavuta bonge la damu kutoka katika mshipa wa ubongo wake. Tukihesabu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, ni saa 13. Leo mwanamume huyo anatembea, na huwapigia simu jamaa zake kila Jumapili, ijapokuwa maneno mengine bado yanamponyoka.

Ingeishia hapo, ingekuwa barua ya shukrani. Lakini dada yetu anaendelea:

"Mwaka mmoja kabla ya hapo mama yetu mzazi alikuwa anakula chakula cha usiku na wajukuu. Saa 2 sahani ilimdondoka. Alijaribu kusema jambo tukasikia kama mtu aliyelewa, na mama hajapata kuonja pombe. Tulidhani ni uchovu na presha, tukampa chai ya tangawizi, tukamlaza. Asubuhi upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Tulifika hospitali saa 4. Walimpiga picha, daktari akasema hakuna damu iliyomwagika, ni mshipa umeziba, lakini mmechelewa, hakuna la kufanya ila dawa za kuzuia usirudi tena. Mama yuko hai. Hasemi. Ananitazama tu. Naomba mniambie ukweli, ninyi mnaoandika habari za afya. Kwa nini saa 13 za mdogo wangu hazikuwa kuchelewa na saa 14 za mama zikawa kuchelewa? Au ni sisi tuliomnyima mama sauti yake kwa kumlaza?"

Tumemjibu kwa barua ya faragha, lakini ametupa ruhusa tujibu na hapa, kwa kuwa anaamini hayuko peke yake. Nasi tunaamini hivyo. Ni nani kati yetu ambaye hana mzazi, mjomba au jirani aliyelala mzima akaamka amepooza?

Kwanza tukumbushane kiharusi ni nini, kwa maana kuna namna mbili na hazitibiwi kwa njia moja. Namna ya kwanza mshipa wa damu katika ubongo hupasuka, damu ikamwagika mahali isipotakiwa. Namna ya pili, nayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, mshipa huzibwa na bonge la damu iliyoganda, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikinywa kutoka mshipa huo ikakosa damu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mdomo huenda upande katika zote mbili. Ndiyo sababu daktari hutaka picha ya CT kabla ya jambo lolote, na ndiyo sababu pia hatupendi kusikia kwamba mtu amepewa aspirini nyumbani na jirani mwenye huruma. Kama mshipa umepasuka, aspirini inaweza kuongeza uvujaji.

Mama wa dada yetu na mdogo wake wote wawili walipata namna ya kuziba. Na wote wawili walipooza upande wa kulia na kupotewa na maneno, maana yake ajali ilitokea upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Hadi hapo wanafanana.

Sasa, kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kutazama saa ya ukutani. Mwaka 1995 ilithibitishwa huko Marekani kwamba dawa ya kuyeyusha bonge, inayoingizwa kwa sindano ya mshipa, inasaidia ikiwa itatolewa ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 uchunguzi wa Ulaya ukasogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Baadaye, mwaka 2015, uchunguzi kadhaa, wa kwanza wao ukiwa wa Uholanzi, ulionyesha kwamba bonge kubwa lililoziba mshipa mkubwa linaweza kuvutwa kwa mikono ya daktari, na mgonjwa akafaidika sana, hasa ikifanyika ndani ya saa 6.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinena, au mara nyingine wa kifundo cha mkono, akapitisha mrija mwembamba na laini. Huku akitazama eksirei inayotembea kama sinema, huusukuma mrija hadi shingoni na kisha ndani ya kichwa. Ukifika penye kizuizi, hufungua wavu mdogo wa waya ambao hulinasa bonge, kisha akalivuta nje, au hulifyonza kwa mrija wenyewe. Fuvu halipasuliwi. Tunalisema hili kwa sababu akina mama wengi wakisikia "upasuaji wa ubongo" hufikiri msumeno.

Lakini zile saa 6 ziliwaacha nje watu wengi mno, na hasa wale wanaoamka na kiharusi. Inakadiriwa kuwa karibu mgonjwa mmoja katika kila watano hugundua kiharusi anapoamka. Mtu wa namna hiyo kilimwanza saa ngapi? Hakuna ajuaye. Huenda ni saa 5 usiku, huenda ni dakika kumi kabla hajafumbua macho. Madaktari, kwa tahadhari, huhesabu kuanzia mara ya mwisho alipoonekana mzima. Basi mtu aliyelala saa 4 usiku na kuamka saa 12 alfajiri alikuwa amekwisha "kuchelewa" akiwa bado kitandani mwake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye picha.

Wasomaji wetu wa milimani, wa Upare na Usambara, wanajua kilimo cha mfereji. Mfereji ukizibwa na gogo juu kule, shamba lililo karibu na mdomo wake hukauka haraka, migomba ikafa kabisa. Lakini pembeni kuna kipande kingine ambacho bado kinapata unyevu kidogo unaopenya kutoka mfereji wa jirani. Majani yake yamelala, hakuna mkungu unaoweza kukomaa, na mpita njia angeapa kwamba nako kumekufa. Ukichimba unakuta mizizi ni mibichi. Ukiliondoa gogo leo, kipande hicho kitainuka. Ukingoja wiki, hapana.

Ubongo uko vivyo hivyo. Mshipa ukizibwa, kiini cha sehemu iliyokosa damu hufa, na kilichokufa hakirudi. Kuzunguka kiini hicho kuna eneo linalopata damu kidogo kwa njia za pembeni, yaani vimishipa vidogo vinavyounganisha mshipa mmoja na mwenziwe. Eneo hilo limenyamaza, halifanyi kazi, ndiyo maana mkono hauinuki. Hata hivyo li hai. Wataalamu huliita penambra, neno walilowaazima wanajimu, ambao kwao ni kile kivuli hafifu kinachozunguka kivuli kizito wakati wa kupatwa kwa jua.

Na hapa kuna jambo ambalo saa ya ukutani haiwezi kulionyesha. Watu hawakuumbwa na vimishipa sawa vya pembeni. Yupo ambaye njia zake za pembeni ni nyembamba, na katika saa 2 tu eneo lote limekufa. Yupo mwingine ambaye njia zake ni pana, na baada ya saa 15 kiini kilichokufa ni kidogo kama kijiko cha chai huku eneo kubwa likiwa bado linangoja. Daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu mwaka 2006 kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa mgonjwa hupoteza kwa wastani seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Ni hesabu ya kutisha, na ni ya kweli kwa wastani. Lakini wastani hauvai sura ya mtu mmoja.

Basi mtaona swali lilibadilika. Badala ya kuuliza tu "ni saa ngapi zimepita?" madaktari walianza kuuliza "ni kiasi gani kimekufa, na ni kiasi gani bado kinaweza kuokolewa?" Swali la pili hujibiwa kwa picha.

Mgonjwa hulazwa kwenye mashine ya CT. Picha ya kwanza ni ya kawaida, ya kuhakikisha hakuna damu iliyomwagika. Ya pili hupigwa baada ya kuingiza mkononi dawa yenye aidini, ambayo huifanya mishipa ionekane nyeupe, na hapo daktari huona mahali mshipa ulipokatikia kama barabara iliyobomoka. Ya tatu ndiyo yenye maajabu. Dawa huingizwa tena, na mashine hupiga picha ileile mara nyingi mfululizo kwa muda wa kama dakika moja, ikifuatilia dawa inavyoingia na kutoka kila sehemu ya ubongo. Programu ya kompyuta hupima. Mahali ambapo mtiririko wa damu umeshuka chini ya asilimia 30 ya kawaida huhesabiwa kuwa kiini, pamekufa au panakaribia. Mahali ambapo dawa imechelewa kufika kwa zaidi ya sekunde 6, hapo ni penye hatari. Moja ya programu zinazotumika sana, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, hupaka kiini rangi ya waridi na eneo la hatari rangi ya kijani, na hutoa ujazo wa kila moja kwa mililita. Hospitali nyingine hutumia MRI badala ya CT kwa kazi hiyohiyo.

Uchunguzi mkubwa wa mambo haya ulikuwa miwili. Mmoja uliitwa DAWN, neno linalomaanisha alfajiri, jina linalowafaa sana watu wanaoamka wamepooza. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Walichukua wagonjwa 206 kati ya saa 6 na saa 24 tangu walipoonekana wazima, na zaidi ya nusu yao walikuwa wameamka na kiharusi. Walichagua watu ambao kupooza kwao kulikuwa kukubwa huku kiini kilichokufa kwenye picha kikiwa kidogo. Kwa wenye miaka 80 na zaidi, kwa mfano, kiini kilitakiwa kiwe chini ya mililita 21. Mtu akiwa amepooza vibaya na picha inaonyesha kilichokufa ni kidogo, basi sehemu kubwa ya kupooza kwake inatokana na eneo lililonyamaza, si lililokufa. Nusu yao wakavutwa bonge, nusu wakapewa matibabu ya kawaida. Baada ya siku 90, waliovutwa bonge 49 katika kila 100 waliweza kuishi bila kutegemea mtu. Kwa wale wengine walikuwa 13 tu.

Wa pili, DEFUSE 3, uliongozwa na Daktari Gregory Albers wa Stanford ukiwa na wagonjwa 182, kati ya saa 6 na saa 16. Wao walitaka kiini kisichofika mililita 70, na eneo zima lenye shida liwe angalau mara 1.8 ya kiini. Hesabu zilifanana: 45 katika 100 dhidi ya 17. Waliofariki walikuwa 14 katika 100 kwa waliovutwa, na 26 katika 100 kwa wasiovutwa. Uchunguzi wote miwili ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, kwa kuwa faida ilionekana mapema. Mnamo Januari 2018, siku ileile matokeo ya DEFUSE 3 yalipotangazwa, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo mpya uliosogeza mpaka hadi saa 24 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha.

Tunaomba mtazame tena zile 13 na 17. Hao walikuwa watu wenye picha nzuri, watu ambao eneo lao lilikuwa bado hai walipofika. Wasipofunguliwa mshipa, wengi wao waliharibika. Kwa hiyo hata mwenye njia pana za pembeni hana ruhusa ya kungoja. Kuna wanaosikia "saa 24" wakafikiri wamepewa siku nzima ya kujishauri, kumtafuta shangazi, na kusubiri mume arudi safarini. Sivyo. Wengi wanaofika wakati huo hawachaguliwi kabisa, ama kwa sababu mshipa ulioziba ni mdogo na haufikiki kwa mrija, ama kwa sababu picha imejaa waridi na kijani hakuna. Zile 49 katika 100 ni za waliochaguliwa tu, si za kila anayegonga mlango.

Wala kuvuta bonge hakukosi hatari. Damu inaweza kuvuja ndani ya ubongo. Katika DAWN iliwapata kwa kiasi cha kuleta madhara 6 katika 100, dhidi ya 3 wa upande mwingine. Daktari mwaminifu ataieleza familia hilo kabla ya kuweka sahihi, na ninyi mna haki ya kuuliza.

Tangu wakati huo mambo yamesonga zaidi. Mwaka 2022 Wajapani, na mwaka 2023 Wachina na Wamarekani pamoja na wenzao, walionyesha kwamba hata wenye kiini kikubwa wanaweza kufaidika, ingawa wachache zaidi hurudi kujitegemea. Katika mmoja wa uchunguzi huo, SELECT2, walikuwa 20 katika 100 dhidi ya 7. Na mwaka 2023 Waholanzi walionyesha kwamba kwa wanaochelewa inawezekana kuchagua kwa picha ya CT ya mishipa tu, kwa kutazama kama kuna damu yoyote inayopita njia za pembeni. Hilo la Waholanzi limetufurahisha kuliko mengine, kwa kuwa si kila hospitali itakayonunua programu ya kupaka rangi, lakini mashine za CT zinazidi kuenea hata katika mikoa yetu.

Sasa turudi kwa dada yetu, kwani aliomba ukweli, na hatukutaka kumpa maneno ya kumbembeleza.

Saa 13 za mdogo wako hazikuwa kuchelewa kwa sababu mambo matatu yalikutana. Mshipa ulioziba ulikuwa mkubwa na unafikika. Picha ilionyesha bado kuna eneo hai la kuokolewa. Na palikuwa na hospitali ambayo ingeweza kumpokea, yenye mashine, daktari wa kupitisha mrija, na timu inayoitwa ikaja. Lingekosekana moja tu kati ya hayo, naye angerudi nyumbani kama mama.

Kwa mama, la kwanza na la pili hatuyajui, na hakuna atakayeyajua. Picha aliyopigwa ilikuwa ya kutafuta damu iliyomwagika. Ya kuonyesha mishipa haikupigwa, wala ile ya kufuatilia dawa. Huenda eneo lake lote lilikuwa limekufa kabla jogoo hajawika. Huenda lilikuwa bado hai saa 4 asubuhi, mkiwa mmekaa kwenye benchi mnangoja kuitwa. Daktari aliposema "mmechelewa" alisema kweli kwa uwezo uliokuwa mbele yake, na hatudhani alikuwa na ubaya. Hakuwa na mrija wala chumba cha kazi hiyo. Lakini neno hilo mliliona kama hukumu juu yenu, kumbe nusu yake ilikuwa juu ya umbali wa hospitali.

Nusu tu. Kwa sababu uliuliza pia kama kumlaza kulikuwa kosa, nasi tungekuwa tunakudanganya tukisema hapana. Sahani ilipodondoka saa 2 usiku, ndiyo ilikuwa saa ya kuondoka. Kama hospitali mliyofikia ilikuwa na ile dawa ya kuyeyusha, mngefika saa 4 au hata saa 6 usiku, angeweza kuipata. Kama haikuwa nayo, na hospitali nyingi hazina, basi safari ya usiku ingempa mama uangalizi wa kupumua, kumeza, sukari na presha, lakini yawezekana sauti ingepotea vilevile. Hatujui. Tunachojua ni kwamba hamkumlaza kwa kumpuuza. Mlimfunika blanketi na kumpa chai. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba sahani kudondoka na maneno kuvurugika kwa ghafula ni dharura kama vile nyumba kushika moto. Sisi tunaoandika kurasa hizi tumeshaandika juu ya presha mara nyingi, na jambo hili hatukuliandika wazi. Basi sehemu ya lawama tuibebe pamoja.

Na kuhusu kukutazama: mtu aliyepotewa na maneno kwa kiharusi cha upande wa kushoto mara nyingi anaelewa zaidi ya anavyoweza kujibu. Usizungumze juu yake mbele yake kana kwamba hayupo. Sema naye polepole, swali moja moja, la kujibiwa kwa kichwa au kwa kubana kidole. Nyimbo alizozijua tangu utotoni mwimbieni, kwa kuwa wapo wasioweza kusema "maji" lakini huweza kufuata wimbo kwa maneno yake. Mtafuteni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wa mazoezi ya kusema kama yupo karibu. Mwaka mmoja si mwisho wa kupata nafuu, ijapokuwa nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo.

Kwa ninyi wengine, akina mama wenzetu, haya ndiyo tunayoomba yakae kichwani. Uso ukishuka upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika ghafula, ondokeni saa hiyohiyo, hata ikiwa ni saa 8 usiku na hata mgonjwa mwenyewe akisema anataka kulala. Msimpe chakula wala kinywaji, hata ile chai, kwa maana koo nalo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa. Msimchanje wala kumkanda. Kama anatapika au hana fahamu, mlazeni ubavu. Kama ana kisukari, mwambieni daktari mara moja, kwa sababu sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi na dawa yake ni rahisi. Maombi tunayaamini, nasi tumeomba kwenye magari mengi. Gari liwe linakwenda.

Chukueni dawa zake zote ziwe mkobani, hasa za kufanya damu iwe nyepesi. Mkiwa mjini penye hospitali zaidi ya moja, ulizeni leo, kabla halijatokea, ni ipi yenye mashine ya CT inayofanya kazi usiku. Swali hilo ni la simu moja. Na mkifika mkaambiwa mmechelewa, ulizeni kwa adabu: "Daktari, je, mshipa mkubwa umeziba? Je, inawezekana kupiga picha ya mishipa? Je, ipo hospitali ya kumpeleka ambako wanavuta bonge?" Huenda jibu likawa hapana kwa yote matatu. Mara nyingi litakuwa hapana, nasi hatutaki kuwaficha hilo.

Jambo la mwisho ni dogo, na mama wa nyumbani ndiye mwenye uwezo nalo kuliko daktari yeyote. Hospitalini wataulizia saa. Hawaulizi saa mliyomkuta ameanguka, wanauliza saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Huko Minnesota wifi aliulizwa swali hilo mara nne na watu wanne. Aliweza kujibu kwa sababu alikumbuka kwamba mumewe alizima taa ya sebuleni, akasema "lala salama", na taarifa ya habari ya saa 4 ilikuwa ndiyo inaanza. Iandikeni saa hiyo kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, mbandikeni mgonjwa kifuani ikibidi, maana njiani mtachanganyikiwa na kila mtu atataja saa yake.